Kardani ya Gari la Parokia

Wengi wetu hatuna motokaa, wala hatutazamii kuwa nayo. Hata hivyo ni wachache miongoni mwetu ambao hawajapakiwa garini siku ya ugonjwa, au hawajalitazama gari la parokia likipanda mlima huku wakimwomba Mungu lifike. Ndiyo maana tumeona yafaa kuwaandikia habari ya chuma kimoja kinachokaa nyuma ya gurudumu, ambacho watu husafiri nacho miaka mingi bila kujua jina lake. Habari hii haituletei sifa. Twaieleza kwa kuwa ni ya kweli, tena huenda ikaifaa parokia nyingine.

Parokia yetu iko katika milima ya Masisi. Sisi tunaosema hapa tulikuwa halmashauri ya gari: wazee watatu, katekista mmoja na dereva. Kazi yetu ilikuwa kulitunza gari na kutunza sanduku lake la fedha. Gari lenyewe lilikuwa Toyota RAV4 iliyotengenezwa mwaka 1997. Lilitufikia likiwa limekwisha kutumika katika nchi za watu, na mwaka 2019, ambao ndio mwaka wa mambo haya, saa yake ilionyesha kilomita zaidi ya 340,000. Toka duniani hadi mwezini ni kilomita 384,000 hivi. Basi gari letu lilikuwa limekaribia kufika mwezini, nalo lilikuwa bado likibeba wagonjwa, mapadri, mifuko ya maharagwe na wanakwaya.

Wanaojua njia zetu hawatashangaa kwamba gari kama hilo huchakaa. Katika mitaa mingi ya Goma, lava iliyomwagika kutoka Nyiragongo mwezi Januari 2002 iliganda ikawa mawe meusi, makali kama visu. Ukitoka Sake kupanda Mushaki na kuendelea hadi Masisi, wakutana na kona baada ya kona, na udongo unaoteleza mvua inaponyesha. Ukipita Nyabiondo na Kashebere kuelekea Walikale, milima ya malisho yaisha na msitu mkubwa waanza, na hapo matope hulimeza gurudumu hadi katikati. Malori hukwama huko siku nyingi. Kwa miaka mingi ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya kipande cha barabara ya lami pale Kilambo, katika Walikale, kuchukua mawe ya kasiteriti ambayo wapagazi waliyaleta kutoka Bisie. Mahali ambapo ndege hutua barabarani kwa sababu magari hayapiti, hapo mtu aweza kupima mwenyewe taabu ya gari dogo la parokia.

Sasa tuseme habari ya chuma chenyewe. Nguvu ya injini hupita katika gia boksi, na kutoka hapo fito mbili za chuma, moja ya kushoto na moja ya kulia, huipeleka kwenye magurudumu ya mbele. Wenzetu wa Tanzania na Kenya huita fito hiyo ekseli. Mafundi wa Goma, kwa kufuata Kifaransa, huiita kardani. Jina hilo latoka kwa Gerolamo Cardano, mganga na mwanahesabu wa Italia aliyefariki mwaka 1576. Kazi ya kardani ni ngumu kuliko inavyoonekana. Gurudumu la mbele hupanda na kushuka juu ya mawe, tena hugeuka kushoto na kulia, na muda wote huo fito yapaswa kuzunguka bila kusita. Kwa hiyo kila fito ina viungo viwili, mfano wa kiwiko na kifundo cha mkono wetu. Viungo vya zamani vya msalaba, vikikunjwa sana, havizunguki sawasawa, bali huenda mbio, kisha hulegea, kisha mbio tena. Katika miaka ya 1920 mhandisi mmoja wa Marekani, Alfred Rzeppa, alitengeneza kiungo chenye gololi sita za chuma zinazotembea katika mifereji, nacho huzunguka sawasawa hata kikikunjwa. Kiungo cha namna hiyo ndicho kilichokuwa katika magurudumu ya mbele ya gari letu.

Gololi hizo huishi kwa grisi. Pasipo grisi, chuma hula chuma. Kwa hiyo kila kiungo huvikwa mfuko wa mpira wenye mikunjo, uitwao sufle, neno la Kifaransa lenye maana ya mivukuto ya mhunzi, maana kwa kweli wafanana nayo. Mfuko huo huzuia grisi isitoke, na vumbi na maji yasiingie. Ni kitu cha bei ndogo. Siku zile, sufle na mkebe wa grisi pamoja havikufikia bei ya mbuzi mmoja.

Mwezi wa Machi dereva wetu alikuja kwetu baada ya Misa ya kwanza. Alisema, "Wazee, sufle ya kushoto imepasuka. Nimeona grisi imerukia upande wa ndani wa gurudumu." Tulimwuliza kama gari linatembea. Alijibu kwamba linatembea. Basi tukasema, tutalitazama jambo hilo baada ya Pasaka. Fedha ilikuwapo sandukuni, hatutaki kuficha. Lakini tulikuwa tumeamua kununua vipaza sauti vya kanisa, kwa maana sikukuu ilikuwa karibu na wageni wangekuja. Vipaza sauti huonekana na kila mtu. Sufle haionekani na mtu ila yeye alalaye chini ya gari.

Pasaka ikapita. Mwezi wa Julai dereva akaja mara ya pili. Sasa kulikuwa na mlio. Akikata kona kali kuelekea kulia, gurudumu la kushoto lilisema ta-ta-ta-ta, kama mtu avunjaye njugu. Gari likienda moja kwa moja, lilinyamaza. Tulimwambia akate kona polepole. Mwezi wa Septemba akaja mara ya tatu, akasema mlio umekuwa mkubwa, na watoto wa kijijini wameanza kuuiga wakiliona gari. Tukacheka. Mmoja wetu alisema kwamba picha ya Mtakatifu Kristofa iko mbele ya usukani, na kwamba msafiri mwema hana haja ya kuogopa. Dereva hakujibu neno. Leo twajua kwamba kumwomba mtakatifu huku fedha ya sufle imelala sandukuni si imani, ni uvivu uliovaa nguo za Jumapili.

Mwezi wa Novemba, katika mvua, ujumbe ulikuja kutoka kigango kimoja upande wa Nyabiondo. Mama mmoja alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Dereva na katekista waliondoka mara moja. Walifika, wakamlaza mama kwenye kiti cha nyuma, mumewe na mkunga wakapanda pamoja naye. Jua lilikuwa linaelekea kuchwa. Wakiwa njiani kurudi Masisi, katika kona ya kupanda yenye mawe, kiungo cha kushoto kilipasuka. Katekista asema kishindo chake kilikuwa kama cha mti kuvunjika. Fito, ikiwa imeachana na gurudumu, ilizunguka ovyo na kukata mpira wa breki.

Dereva alikanyaga mafuta, injini ikalia, lakini gari halikusogea. Msomaji aweza kuuliza kwa nini magurudumu matatu mazima hayakulivuta. Ni kwa sababu meno yanayogawa mwendo baina ya magurudumu huupeleka upande ulio mwepesi. Fito moja ikivunjika, mwendo wote hukimbilia hapo penye uvunjifu, na walio wazima hawapati kitu. Gari letu lilikuwa na kifungo cha kulazimisha mwendo ufike magurudumu ya nyuma, lakini kifungo hicho nacho kilikuwa kimekufa zamani, na hicho pia tulikuwa tumeambiwa. Tena hata kama lingesogea, nani angeshuka milima ile bila breki?

Basi walifanya kama babu zetu. Vijana wa nyumba zilizo karibu walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakatengeneza tipoyi. Walimchukua yule mama wakipokezana, wanne wanne, katika giza na matope. Hakuna pikipiki ambayo ingeweza kumbeba mtu katika hali ile. Walifika hospitalini alfajiri. Waganga walimpasua mara moja. Mama alipona, Mungu asifiwe. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekwisha kufa.

Tulimwuliza mwuguzi kama zile saa za usiku zingeweza kumwokoa. Alisema hajui, na kwamba hakuna ajuaye. Neno hilo tumelichukua mioyoni tangu siku ile, wala halikutufariji. Tulimzika mtoto kwa sala, tukimwacha mikononi mwa Mungu mwenye huruma, maana hakuna aliyepata nafasi ya kumbatiza.

Jumapili ya pili baba yake alikuja parokiani. Tulipomwona tuliogopa, maana tulijua anayo haki ya kutulaumu mbele ya watu wote. Yeye hakutulaumu. Alileta kikapu cha viazi mviringo kwa ajili ya matengenezo, akakiweka chini, akauliza, "Wazee, gari litapona lini? Kule kwetu wako akina mama wengine." Hakuna mmoja wetu aliyeweza kumjibu upesi.

Basi tulitangaza jambo hilo katika jumuiya zote, na safari hii tulisema ukweli wote, hata habari ya vipaza sauti. Watu walileta maharagwe, viazi, kuku, na mabonge ya jibini ile ya Masisi ambayo Goma huipenda. Fundi tulimpata Goma, kijana aliyejifunza kazi yake kwa Wasalesiani wa Don Bosco huko Ngangi. Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba tusinunue kitu kabla yeye hajaona. Nasi, kwa haraka, tulikuwa tumekwisha kumtuma mzee mmoja sokoni, naye akarudi na kardani nzuri ya kung'aa, lakini ilikuwa ya upande wa kulia, tena idadi ya meno ya ncha yake haikuwa sawa. Muuzaji alikubali kuibadilisha kwa nyongeza. Basi nyongeza hiyo ilikuwa karo yetu ya kujifunza.

Fundi alitufundisha hivi. Mtu anayetafuta kardani na aende dukani na ile ya zamani mkononi, hata kama ni nzito na chafu. Azilaze mbili hizo chini, bega kwa bega. Apime urefu. Ahesabu meno ya ncha ya ndani na ya ncha ya nje. Atazame kama ya zamani ina pete ya meno kwa ajili ya breki za umeme, maana gari lenye breki hizo halipokei fito isiyo na pete. Kisha akunje viungo kwa mikono. Kizuri hukunjika kizito na laini, kibaya hucheza na kugonga. Yeye mwenyewe alituchagulia kardani iliyotumika ya Japani kuliko mpya ya bei rahisi, akisema kwamba chuma kizuri kilichotumika kidogo hushinda chuma kipya kisicho na asili. Tuliwauliza mafundi wengine, nao hawakupatana wote juu ya neno hilo, lakini sisi tulimfuata yeye.

Kazi yenyewe aliifanya pale uwanjani, mbele ya kanisa, baada ya gari kuvutwa na lori. Tuliitazama yote. Kwanza, gari likiwa bado limesimama chini na mtu akizuia breki ya mguu kama alivyoweza, alitoa pini na kulegeza nati kubwa ya katikati ya gurudumu kwa spana ya namba 30 na bomba refu. Ndipo alipoinua gari kwa jeki, akaweka magogo chini yake, maana alisema hakuna fundi mwenye akili anayelala chini ya jeki peke yake. Alitoa gurudumu, akafungua kiungo cha chini na mkono wa usukani, akavuta nguzo ya gurudumu upande, na masalio ya kardani yakatoka. Ncha ya ndani aliing'oa gia boksi kwa mtaimbo, akiwa ameweka karai chini, kwa kuwa mafuta hutiririka hapo. Alibadilisha sili ya mafuta na mpira wa breki. Kardani mpya aliisukuma mpaka pete yake ndogo ikalia "tik" ndani, akaivuta kidogo kuhakikisha imeshika. Mwisho alirudisha mafuta ya gia, akakaza nati kubwa kwa spana yenye kipimo, akisema kwamba ikilegea hula beringi, akatoa hewa katika breki. Upande wa kulia kiungo kilikuwa kizima, lakini sufle yake ilianza kupasuka mikunjoni. Aliifungua, akaosha kiungo kwa petroli, akatia grisi mpya na kuvika sufle mpya. Kazi hiyo ya kulia ndiyo ambayo upande wa kushoto uliihitaji mwezi wa Machi, wala haikuhitaji zaidi.

Alipomaliza alitukusanya, akatupa alama tatu. Grisi ikionekana imerushwa upande wa ndani wa gurudumu, sufle imepasuka, na hapo dawa ni ya bei ndogo. Mlio ukisikika wakati wa kukata kona, kiungo cha nje kimekwisha kulika, na grisi mpya haiwezi kurudisha chuma kilichokwenda. Gari likitetemeka wakati wa kuongeza mwendo, tazameni kiungo cha ndani. Kisha akasema, "Wazee wangu, gari lenu halikuvunjika Novemba. Lilivunjika Machi. Novemba lilichoka kuwangoja."

Ndugu wasomaji, twajua sote mfano wa wanawali kumi, na jinsi watano kati yao walivyokosa mafuta saa ya usiku. Zamani tuliposikia Injili hiyo tuliwaona wale watano kuwa wapumbavu wa wazi. Sasa twaona kwamba kila mmoja wao pengine alikuwa na sababu yake nzuri, kama sisi tulivyokuwa na vipaza sauti. Hatukuwa wezi wa fedha ya parokia. Hesabu zetu zilikuwa safi. Kosa letu lilikuwa hili: aliyelala chini ya gari alisema mara tatu, nasi tuliokaa mezani tulijiona twajua kuliko yeye.

Kwa hiyo baada ya kazi ya fundi tuliandika sheria mbili katika daftari ya gari, nasi twazitoa hapa kwa yeyote apendaye kuzitumia. Ya kwanza, kila Jumamosi gari lioshwe nyuma ya magurudumu, sufle zote nne za mbele zitazamwe kwa tochi, kisha lizungushwe polepole uwanjani, usukani ukiwa umekatwa wote, kwanza kulia halafu kushoto, redio imezimwa. Ya pili, dereva akisema gari lisitoke, lisitoke, wala halmashauri isiwe na haki ya kulipigia kura jambo hilo. Fedha ya kulitengeneza itangulie matumizi mengine yote ya sanduku.

Mwezi wa Februari 2024, vita vilipofika katika vilima vya Sake na watu wengi wakaikimbilia Goma, gari lilikuwa upande ule. Liliwapakia wazee na wagonjwa wasioweza kutembea, likaenda na kurudi, na kardani hazikulia. Hatusemi kwamba hilo lamfuta mtoto wa Novemba. Halimfuti. Mwezi wa Januari 2025 Goma ilitekwa, na halmashauri yetu ilitawanyika, kila mmoja na kwake. Lakini kardani ile iliyovunjika bado tunayo. Mmoja wetu aliichukua katika mizigo yake, ingawa ni nzito na haina faida yoyote, na wengine walipomwuliza sababu, alisema asingeweza kuiacha njiani.

Basi ninyi mlio na gari la parokia, au la zahanati, au la shule, siku dereva wenu akija baada ya Misa akisema ameona grisi mahali pasipo pake, tafadhali msimwulize kama gari linatembea. Mwulizeni bei ya sufle, mkampe siku hiyohiyo.